Waalimu Waliotoka Pwani Kwenda Berlin

Maneno yaliyosemwa na katekista wa Kwala mbele ya wazee, waalimu na vijana katika siku za jubilei

Tumeombwa tuseme neno katika siku hizi za jubilei. Wengine wamekwisha kusimulia habari za makanisa, za shule na za wagonjwa waliotibiwa, nao wamesimulia vema. Sisi twataka kusema habari za waalimu wakaao katika mji wa ugenini: jinsi wanavyoipitisha siku, mambo yanayowapata huko, na wajibu wetu kwao sisi tuliobaki nyumbani.

Sababu ya kulichagua neno hili ni hii. Katika jubilei huhesabiwa miaka, na hutajwa watu waliokuja kwetu na elimu. Twasema, na ni kweli, kwamba mwaka wa 1887 misioni ya Kilutheri iliyotoka Berlin ilianza kazi Dar es Salaam. Kwamba mwaka wa 1892 ikafika Kisarawe, na mwaka wa 1895 Maneromango. Na kwamba mwaka wa 1903 vituo hivi vya Uzaramo vilitiwa mikononi mwa Misioni ya Berlin. Haya kila mtoto wa shule yetu ameyasikia. Walakini njia ile haikuwa na watu wa upande mmoja tu. Miaka ile ile ambayo waalimu walitoka Berlin kuja kwetu, waalimu wengine walitoka Pwani kwenda Berlin. Nao walikwenda kufundisha. Hao hatuwataji sana, wala picha zao hatuzioni katika kuta za shule zetu. Basi leo tuwataje.

Mwaka ule ule wa 1887 kilifunguliwa katika mji wa Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Mkuu wa masomo ya Kiswahili alikuwa Carl Gotthilf Büttner, ambaye pia alikuwa amekuwa mkaguzi wa chama kile cha misioni kilichopeleka watu Dar es Salaam. Tena mtazame jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana: mtu mmoja alikuwa na mkono katika kuwapeleka wahubiri kwetu, na mkono katika kuwafundisha Wajerumani lugha yetu. Lakini Mjerumani, hata akiwa msomi wa namna gani, hakuweza peke yake kumfundisha Mjerumani mwenziwe jinsi neno linavyotamkwa kinywani mwa mwenye lugha. Alihitajiwa mtu wa Pwani. Wa kwanza kuitwa alikuwa Sleman bin Said wa Unguja. Baada yake akaenda Amur bin Nasur, naye pia mtu wa Unguja, akafundisha tangu mwaka wa 1891 hata mwaka wa 1895. Huyu Amur aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mambo aliyoyaona Ulaya, na maandiko yake yakachapwa Berlin mwaka wa 1894 katika kitabu cha Büttner.

Ndipo mwaka wa 1900 akaenda mwalimu ambaye kwetu sisi ni jirani kabisa. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyezaliwa mnamo mwaka wa 1869. Maji ya mto Ruvu yapitayo karibu na mashamba yetu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba yeye na babu zetu walikunywa mto mmoja. Alikuwa Mwislamu, msomi wa elimu ya dini yake, tena mtu aliyezijua desturi za Pwani na za majirani wa bara, Wazaramo na wengineo. Huko Berlin alifanya kazi pamoja na Mjerumani aitwaye Carl Velten, aliyesimamia masomo ya Kiswahili. Mwaka wa 1903 kikachapwa kitabu kikubwa kiitwacho Desturi za Wasuaheli, chenye habari za kuzaliwa na kulea, za jando na ndoa, za kilimo, za ngoma, za madeni, za watumwa, za safari za bara na za mazishi. Sehemu kubwa ya kitabu kile ilitoka katika kalamu ya Mtoro.

Sasa tuitazame siku ya mwalimu wa namna hii. Hatutasema kwamba tunajua alikula nini au alilala saa ngapi. Bali kuna mambo ya mji ule na ya kazi ile ambayo hayakuweza kumpita mtu yeyote.

Jambo la kwanza ni jua. Hapa Kwala jua hutoka karibu na saa kumi na mbili alfajiri na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, wala hakuna anayelishangaa. Kwa sababu hiyo wazee wetu walihesabu saa kwa jua: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza. Lakini Berlin, katika mwezi wa Desemba, jua hutoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Katika mwezi wa Juni hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nalo huzama saa tatu na nusu usiku kwa saa za siku hizi. Basi fikirini mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akiwaambia wanafunzi kwamba saa moja ya asubuhi ndiyo saa ya kuanza kwa mchana, na nje ya dirisha ni giza tupu na taa za njiani zinawaka! Hawezi kuwaonyesha kwa kidole. Lazima kwanza awaeleze nchi ambayo mchana na usiku hugawana sawasawa, ndipo waelewe hesabu ya saa. Na hivi ndivyo ilivyo kazi yote ya kufundisha lugha ugenini. Ukifundisha neno vuli, yakupasa ueleze mvua. Ukifundisha neno ugali, yakupasa ueleze kinu, mchi na moto wa mafiga. Mwalimu wa nyumbani hufundisha neno, na kitu chenyewe kiko uani. Mwalimu wa ugenini hukibeba kitu kile kichwani mwake, akikisimulia kila siku kwa watu wasiopata kukiona, hata mwisho huogopa asije akakisahau yeye mwenyewe.

Sisi tumelionja jambo hili kidogo hapa hapa kwetu. Walipokuja wageni kwa kazi ya reli mpya, baadhi yao walituomba tuwafundishe salamu. Tulidhani ni kazi ya juma moja. Tulipofika katika shikamoo tukakwama, maana walitaka kujua nani humwamkia nani, na kwa sababu gani, na je, bwana mkubwa wa kazi humwamkia mpishi aliyemzidi umri? Tukaona kwamba kuifundisha salamu moja ni kufundisha jinsi watu wanavyokaa pamoja.

Na hapa twafika katika jambo la pili, nalo ni wanafunzi wenyewe. Waliokuja kusoma katika chuo kile cha Berlin hawakuwa watoto. Walikuwa maofisa wa serikali, askari wenye vyeo, wafanya biashara, na wengine wahubiri wa misioni, watu wazima waliokuwa wakijitayarisha kwenda Afrika ya Mashariki. Darasani mwalimu alikuwa Mtoro; lakini wanafunzi wale wakiisha kuvuka bahari wangekuwa watawala wa ndugu zake. Leo amsahihisha mtu matamshi yake, na kesho mtu yule yule atayatumia matamshi hayo kumwamrisha mjomba wake abebe mzigo au alipe kodi ya nyumba. Vitabu vingi vya mazungumzo vilivyotungwa zamani zile kwa ajili ya Wazungu vimejaa maneno ya amri: lete, chukua, ngoja, haraka. Mwalimu mwenye adabu za Pwani, aliyelelewa kusema tafadhali na hodi, alikuwa na kazi nzito ya kuwafundisha watu kama hao heshima iliyomo katika lugha. Tena cheo chake kilikuwa chini. Mwenye kusimamia somo alikuwa Mjerumani; mwenye lugha aliitwa kuwa msaidizi wa kusoma, kutamka na kuzungumza.

Angalieni pia kitabu kile cha mwaka wa 1903. Jina lililosimama katika ukurasa wa kwanza lilikuwa la Velten, aliyekusanya na kuchapisha. Ilipita miaka 78, hata mwaka wa 1981, ndipo kitabu kile kilipotolewa kwa Kiingereza huko Marekani, kwa kazi ya J. W. T. Allen, na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likaandikwa pamoja na jina la kitabu. Wakati huo mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani.

Jambo la tatu ni njiani. Wahenga walisema: Mgeni ni kuku mweupe. Hawezi kujificha katika kundi. Lakini Berlin ilikuwa na sababu yake zaidi. Mwaka wa 1896, yaani miaka minne kabla ya Mtoro kufika, yalifanywa katika bustani ya Treptow maonyesho makubwa ya makoloni, na zaidi ya watu mia moja walioletwa kutoka makoloni, pamoja na watu wa Afrika ya Mashariki, walikaa huko ili watu wa mji walipe na kuja kuwatazama. Basi watu wengi wa mji ule walikuwa wamemwona mtu mweusi mara ya kwanza nyuma ya ua, kama kitu cha kuonyeshwa. Mwalimu akitoka darasani, alikosikilizwa, aliingia katika njia za mji uliozoea kumtazama tu. Mambo haya mawili yalikuwa katika siku moja, na baina yake kulikuwa na mlango wa chuo tu. Twadhani huu ndio uchovu mkubwa wa mwalimu wa ugenini, kuliko baridi na kuliko theluji. Baridi hupatiwa koti. Lakini koti gani litamfaa mtu anayeheshimiwa saa nne na kuchekwa saa sita?

Jambo la nne ni nyumba. Mwaka wa 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka wa 1905 wakaingia melini ili waje kukaa Afrika ya Mashariki. Serikali ya koloni ikawakatalia kukaa huku kama mume na mke, nao ikawabidi kurudi Ujerumani. Mwaka wa 1906 serikali hiyo ikapiga marufuku ndoa za namna ile katika koloni. Sasa kumbukeni mambo mengine ya mwaka ule wa 1905. Ndio mwaka ambao kazi ya kujenga reli ya kati ilianza Dar es Salaam; mwishoni mwa mwaka wa 1907 ilifika Morogoro, nayo ndiyo reli ipitayo hapa Kwala hata leo. Ndio mwaka pia ambao vita vya Maji Maji viliwaka. Vyuma vya kutoka Ulaya viliruhusiwa kushushwa pwani, vikapelekwa bara, askari wakashushwa, lakini mwalimu aliyewafundisha maofisa wenyewe lugha ya nchi hakuruhusiwa kushuka na mkewe katika nchi aliyozaliwa. Walikuwa wameihitaji lugha yake, bali yeye mwenyewe hawakumhitaji.

Baada ya hayo Mtoro aliendelea kuishi kwa kazi ya maneno. Mwaka wa 1909 alikwenda Hamburg, katika chuo cha makoloni kilichofunguliwa mwaka uliotangulia, akafanya kazi pamoja na Profesa Carl Meinhof, mtu maarufu katika elimu ya lugha za Kibantu. Baadaye alirudi Berlin. Alizunguka katika miji akitoa hotuba juu ya Afrika ya Mashariki na kuonyesha picha kwa taa. Vita vikuu vya mwaka wa 1914 vikaja na kupita, koloni likawatoka Wajerumani, yeye akabaki kule. Alikufa Berlin mwaka wa 1927, bila kurudi tena kukaa kwao. Wahenga wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini yeye ngama yake ilifungwa na watu wengine.

Huenda kijana mmoja akasema, hayo ni mambo ya zamani za koloni, mwalimu aliyefuata alipata nafuu. Tumtazame huyo aliyefuata. Mwaka wa 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aitwaye Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kwa jina la Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe aliingia katika jeshi lile wakati wa vita angali mtoto. Mwaka wa 1929 alifika Berlin, akaenda kwa serikali kudai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake, wala hakulipwa. Akabaki, akatafuta kazi. Na kazi zake zilikuwa hivi: alikuwa mhudumu wa mezani katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya kulia na kustareheshea watu katikati ya mji, alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kile kile cha Berlin tangu mwaka wa 1931, tena aliigiza katika filamu nyingi, akipewa mara kwa mara sehemu ya mtumishi au ya mpagazi.

Siku ya mwalimu huyu ndiyo hiyo. Darasani huitwa kufundisha wasomi. Mezani hubeba sinia. Mbele ya kamera huvikwa nguo za mpagazi. Mshahara wa ualimu peke yake haukumtosha kulisha nyumba yake, maana alikuwa na mke na watoto. Wazee wangu, mwalimu wa namna hii sisi twamfahamu sana. Ni wangapi hapa Kwala wamefundisha asubuhi, wakalima jioni, wakauza mkaa Jumamosi? Tofauti ni kwamba wa kwetu akilima shamba lake, jirani humwita mwalimu vile vile, na mtoto humpokea jembe. Kule ugenini aliyemwona na sinia hakujua kwamba ni mwalimu, na aliyejua hakujali.

Katika miaka hiyo utawala wa Hitler ulikuwa umekwisha kuishika Ujerumani. Husen alikamatwa mwaka wa 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo watawala wale walilihesabu kuwa ni kuinajisi damu yao. Akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, naye alikufa humo mwezi wa Novemba mwaka wa 1944. Mwaka wa 2007 watu wa Berlin waliweka mbele ya nyumba moja ya Brunnenstraße, alikokuwa akikaa, jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake juu yake. Mpita njia huinama kulisoma. Twawashukuru waliolitia jiwe lile. Walakini twajiuliza: mtoto huyu wa Dar es Salaam, mwendo mfupi wa gari moshi kutoka hapa, nani miongoni mwetu amepata kusikia jina lake?

Hatusemi haya ili tuwashitaki wana wa leo kwa dhambi za babu zao. Koloni limekwisha, na utawala ule wa Hitler umekwisha. Ugenini nao si msiba kwa kila mtu. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka wa 1949, akasoma, akarudi mwaka wa 1952. Akafundisha katika shule ya Pugu, katika vilima vya upande huu wetu, mpaka mwaka wa 1955 alipouacha ualimu wa darasani kwa ajili ya kazi ya siasa. Yeye alikwenda na akarudi, na elimu yake ikawa ya watu wote. Basi hatuwazuii vijana kwenda.

Tena safari hizo siku hizi zimekuwa nyingi. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Lugha yetu hufundishwa katika vyuo vya Ujerumani, vya Uingereza, vya Marekani, vya Uchina na vya Japani. Kwala yenyewe, iliyokuwa stesheni ndogo ya kuteremkia watu na magunia, sasa ina bandari kavu, na makontena ya dunia nzima hupita mbele ya macho ya watoto wetu. Mtoto anayeyaona kila siku majina ya miji ya mbali yameandikwa juu ya chuma, mwisho atataka kwenda kuiona. Wengine wamekwisha kwenda, nao wanafundisha. Wakitupigia simu hutuambia wazima. Nasi huridhika, tukawauliza habari ya fedha ya bati.

Kwa sababu hiyo twaomba mambo matatu.

Kwanza, kijana akiitwa kwenda kufundisha mbali, asiende kwa furaha ya jina la mji. Mkataba wake usomwe na watu wawili au watatu wenye akili kabla hajatia sahihi: kazi ni ipi, cheo ni kipi, mshahara ni kiasi gani baada ya kulipa nyumba na moto wa baridi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Swali hili la nauli lisionewe haya. Mwalimu asiye na nauli ya kurudi hukubali mambo mengi ambayo mwenye nauli angeyakataa.

Pili, sisi tuliobaki tubadili namna ya kumwuliza. Mwenzetu aliye ugenini amekaa kutwa nzima akijibu maswali ya watu juu ya kwetu: mnakula nini, mnaolewaje, mnaogopa simba? Jioni apigapo simu, akutana na swali la fedha. Tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari zake yeye. Basi tumwulize amefundisha nini leo. Tumwulize wanafunzi wake ni watu gani, na kama yuko jirani mmoja ajuaye jina lake. Tumsimulie kwamba mvua imenyesha, kwamba mwembe wa shuleni umezaa, kwamba fulani amepata mtoto. Maneno hayo hayagharimu kitu, nayo humrudishia vile vitu anavyovibeba kichwani siku zote. Na akirudi, kwa likizo au kwa kukaa, akiwa na mke au mume wa kabila lingine au wa nchi nyingine, tumfungulie mlango. Tusimcheke kwa sababu amesahau neno, wala tusimhesabie masanduku. Mlango uliofungwa mwaka wa 1905 ulifungwa na serikali ya wageni. Tusije tukaufunga sisi kwa ndimi zetu.

Tatu, tuandike. Mtoro aliandika desturi za Pwani akiwa mbali, katika chumba cha mji wa baridi, kwa sababu aliulizwa na Wajerumani. Tunazo leo kwa sababu aliulizwa. Sisi tuliokaa nazo tumewauliza wazee wetu mara ngapi? Wako wazee hapa, wa Kwala na wa Maneromango, wanaozijua habari za reli ilivyojengwa kama walivyosimuliwa na baba zao, na nyimbo za kazi, na majina ya miti ya dawa. Kila shule ichukue daftari moja, watoto wawaulize babu na bibi zao, na chini ya kila habari liandikwe jina la mzee aliyeisema, kisha jina la mtoto aliyeiandika. Jina la mwenye habari litangulie. Likisimama hapo tangu siku ya kwanza, hatutangoja miaka 78.

Tena katika daftari hilo twaomba ukurasa mmoja uwe wa waalimu waliotoka kwetu kwenda mbali. Yaandikwe majina ya Sleman bin Said, ya Amur bin Nasur, ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na ya Mohamed Husen, pamoja na miaka yao. Chini yao iachwe nafasi kwa hawa wa siku zetu, na mwandiko uanze wangali hai, ili waweze kuusoma wenyewe watakapokuja kutusalimu.

Daftari la kwanza tumekwisha kulinunua, liko mezani kwa mwalimu mkuu. Mzee aliye na habari na aje kesho baada ya ibada, watoto watakuwa tayari na kalamu.